Nani Akusomee Daftari Lako la Dagaa?

Mambo ya kutazama kabla hujamwajiri mtu wa kuchambua taarifa za biashara

Ukipita soko la Mwanga, mjini Kigoma, utakuta akina mama wengi ambao hesabu zao wanazo kichwani. Muulize mmoja wao dagaa wabichi walikuwaje leo kule Kibirizi, naye atakutajia bei ya alfajiri na bei ya saa tatu. Muulize nani anadaiwa, atakutajia majina bila kufungua daftari. Lakini muulize hivi: "Mama, kati ya dagaa, mawese na sabuni, ni kipi hasa kilicholipa ada ya watoto mwaka jana?" Hapo wengi wetu hunyamaza kidogo, kisha tukacheka.

Si kwamba hatuandiki. Daftari lipo, tena limejaa, na jingine la mwaka juzi limefungwa kwa mpira na kuwekwa chini ya kitanda. Linaandikwa kila jioni, na hakuna anayelisoma. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya akina mama wenye maduka, na vikundi vinavyonunua mzigo pamoja, wameanza kuulizana habari za kumwajiri kijana wa kuwasomea taarifa zao. Tatizo ni kwamba hawajui wamtazame nini. Akija na cheti kizuri na kompyuta begani, wanamwona anatosha.

Katika ofisi za mijini mtu huyu huitwa mchambuzi wa taarifa za biashara. Mabenki na makampuni ya simu wanao wengi. Yeye si karani wa kuandika mauzo, wala si mhasibu wa kukutayarishia hesabu za kupeleka TRA. Huchukua taarifa zilizotawanyika, akazisafisha, akazipanga, akatafuta zinasema nini, kisha akamweleza mwenye biashara ili aamue akiwa anaona. Kuamua kunabaki kwako.

Usidhani kazi hii ilizaliwa na kompyuta. Jina lake la Kiingereza lilitumiwa na Mmarekani Richard Millar Devens katika kitabu cha mwaka 1865, alipokuwa akimweleza tajiri mmoja wa London wa zamani, Sir Henry Furnese, ambaye alipata faida kwa kujua habari kabla ya washindani wake. Mwaka 1958 mtaalamu wa kampuni ya IBM, Hans Peter Luhn, akaandika juu ya namna mashine zinavyoweza kusaidia kupanga habari hizo. Mama anayemtuma mwanawe alfajiri kwenda Kibirizi kutazama ni mitumbwi mingapi imerudi na dagaa, kabla yeye hajatoka na fedha yake nyumbani, anafanya kazi ileile ya Furnese.

Basi, je, kila mwenye meza ya dagaa aajiri mchambuzi? Hapana. Meza moja inatoshwa na mwenye meza. Lakini kama mko wanawake wanane mnaokusanya mtaji na kupeleka magunia Dar es Salaam, au una duka na stoo mbili na wauzaji ambao huwaoni kutwa nzima, hapo siku mbili au tatu za mchambuzi kila mwezi zinaweza kuokoa fedha nyingi kuliko atakazolipwa. Si lazima awe mwajiriwa wa kudumu.

Ziwa lina kalenda yake

Jambo la kwanza la kumtazamia mtu huyu ni kama anauliza juu ya biashara yenyewe kabla ya kugusa namba. Mahali pengine kosa hili husameheka. Kwetu litakutia hasara.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo, taa huwavuta dagaa nao wakajazana chini yake. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Hivyo kila mwezi kuna siku ambazo daftari lako litaonyesha manunuzi kidogo au sifuri. Mtu aliyezoea hesabu za duka la vitambaa ataona shimo hilo aseme, "Mama, wiki hii biashara imeshuka vibaya." Haijashuka. Mwezi umeng'aa.

Mtego wa pili ni kulinganisha tarehe za mwaka huu na tarehe zilezile za mwaka jana. Ndivyo wanavyofundishwa, na kwa maduka mengi ni sawa. Lakini majirani zetu wa Ujiji wanajua vizuri kwamba Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa sababu miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354 tu. Mbalamwezi nayo inarudi hivyohivyo. Mwaka 2024 mwezi mpevu wa Oktoba ulikuwa tarehe 17. Mwaka 2025 ulikuwa tarehe 7, na ilipofika tarehe 17 giza lilikuwa limekaribia kutimia. Mchambuzi akilinganisha katikati ya Oktoba ya mwaka mmoja na katikati ya Oktoba ya mwaka mwingine, amelinganisha siku za mbalamwezi na siku za giza. Atakuambia biashara imekua mara nyingi, nawe utaenda kukopa ununue zaidi. Kijana anayefaa, akishaelezwa kwamba dagaa hufuata giza, atasema mwenyewe, "Basi, mama, tulinganishe giza kwa giza."

Kisha kuna lile shimo kubwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Lilikuwa jambo la nchi zote nne zinazolizunguka ziwa hili: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Anayetegemea dagaa anazikumbuka siku zile bila kuambiwa, maana ndizo zilizomfundisha kuuza mawese au kusonga sabuni. Lakini namba peke yake haikumbuki. Ukimpa mtu daftari la 2024 naye akakuletea mchoro unaoteremka Juni na Julai, kisha akaeleza kwamba wateja wamekukimbia, umeshapata jibu lako juu yake.

Mpe daftari, usimpe mtihani

Hapo ndipo penye usaili mzuri. Maswali ya vitabuni, kama vile "uchambuzi ni nini?", kila mhitimu atayajibu. Wewe mpe daftari la miezi minne au mitano, lenye mashimo yake, lenye maandishi ya watu wawili tofauti, na kurasa zilizomwagikiwa mafuta. (Nakala, si daftari lenyewe. Tena uwe umefuta majina ya wadeni.) Mwambie, "Mwanangu, kaa nalo kwa siku moja, kesho uniambie unaona nini."

Msikilize kesho yake. Anayeanza na majibu mazito, muogope kidogo. Anayeanza na maswali, mkaribishe chai. "Shikamoo mama. Hapa mmeandika mabeseni kumi, na hapa kilo themanini. Beseni lenu ni kilo ngapi?" Swali hilo moja linaonyesha ujuzi kuliko cheti. Sisi tunanunua kwa beseni na ndoo, tunauza rejareja kwa kisado, na jumla kwa kilo au gunia. Na beseni la Kibirizi huenda lisilingane na beseni la Katonga. Asiyelinganisha vipimo kwanza, kila atakachojumlisha baadaye ni uongo uliopangwa vizuri.

Atazame pia yale yanayoandikwa mara mbili. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, fedha nyingi za biashara zimehamia kwenye simu, na ujumbe wa simu ni kumbukumbu nzuri sana, kwani una tarehe, saa na kiasi. Lakini mteja wa Dar es Salaam akilipa kwa simu, muuzaji ataandika mauzo. Jioni fedha ikitolewa kwa wakala, mwingine ataandika mapato. Na mzigo mmoja utakuwa umeuzwa mara mbili katika daftari. Tena kuna fedha inayopita kwenye simu ya baba watoto kwa sababu laini yako ilikuwa imezimwa siku ile. Mchambuzi mwenye macho atauliza, kwa adabu, ni simu ngapi zinapokea fedha za biashara hii. Usimkasirikie. Hakuna njia nyingine ya kupata hesabu iliyo kamili.

Na kama unawauzia wateja wa ng'ambo ya ziwa wanaolipa kwa faranga au dola, atataka kujua ulibadilisha fedha siku gani na kwa kiwango gani. Akitumia kiwango kimoja kwa mwaka mzima, faida yako atakuwa ameibuni.

Wastani unaodanganya

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe. Mchambuzi hahitaji kuwa bingwa wa hesabu ngumu, lakini zile nyepesi lazima azijue mpaka ndani. Jaribu hili.

Tuseme mwezi huu mmeuza magunia kumi. Magunia tisa yalileta faida ya shilingi 8,000 kila moja. Gunia la kumi alilichukua mteja aliyekuwa na haraka, akalilipia vizuri, mkapata faida ya 78,000. Jumla ni 150,000. Gawanya kwa kumi, utapata wastani wa 15,000 kwa gunia. Lakini hakuna hata gunia moja lililoleta 15,000! Mkipanga mwezi ujao kwa kutegemea 15,000, mkaahidi ada na kodi ya stoo, mtaaibika. Mpe kijana namba hizo kumi umuulize faida yenu ya kawaida ni kiasi gani. Akisema 15,000 na kunyamaza, hajafika. Akisema, "Kwa kawaida ni 8,000, isipokuwa kuna gunia moja hapa la ajabu, huyu mteja ni nani, na anaweza kurudi?" huyo anasoma.

Mfano wa pili unahusu uanikaji, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo fedha za akina mama wengi zinapopotelea bila mwizi. Bei nitakazotumia nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka zako. Umenunua kilo 100 za dagaa wabichi kwa shilingi 400,000. Jua likiwa kali, umeanika ukapata kilo 32 kavu. Kila kilo kavu imekugharimu 12,500. Mara nyingine umenunua kilo zilezile kwa bei ileile, mvua ikanyesha siku ya pili, wengine wakaharibika na wengine wakachukuliwa na kunguru, ukaambulia kilo 25. Sasa kila kilo imekugharimu 16,000. Kama bei ya soko ni 15,000, safari ya kwanza umepata faida ya 2,500 kwa kilo, ya pili umepata hasara ya 1,000. Katika daftari safari zote mbili zimeandikwa vilevile: "dagaa, laki nne".

Karani atakuandikia laki nne na laki nne. Mhasibu atazijumlisha sawasawa. Mchambuzi ndiye atakayeuliza, "Kilo kavu zilitoka ngapi?" na akikuta hazikuandikwa, atakuomba muanze kuziandika leo, pamoja na neno moja pembeni: jua, au mvua, mchanga, au kichanja. Baada ya miezi michache ataweza kukueleza kama vichanja vinajilipa. Tunajua dagaa walioanikwa juu ya kichanja hawana mchanga na wanunuzi huwapenda. Lakini vichanja vinajengwa kwa fedha, na swali ni kama tofauti ya bei na ya kilo zinazookolewa inairudisha fedha hiyo kabla ya masika mawili kupita. Jibu hilo halipo kichwani mwa mtu yeyote. Litatoka kwenye daftari lenu wenyewe.

Angalia pia jinsi anavyotumia neno "kwa sababu". Mambo mawili yakitokea pamoja, si lazima moja limezaa jingine. Mmemwajiri muuzaji mpya mwezi wa Aprili, na mauzo yakashuka Mei. Je, ni huyo binti? Au ni barabara, au ada za shule, au ni ziwa? Ajira ya mtoto wa mtu inaweza kupotea kwa sababu ya mchoro uliochorwa haraka. Mchambuzi mwema atasema, "Sijui bado, tusubiri giza mbili tuone." Neno hilo "sijui bado" lina thamani kubwa. Ukimsikia kijana analitamka bila aibu mbele ya watu anaotaka wampe kazi, mwekee alama.

Habari za kompyuta

Nimeziacha mpaka hapa kwa makusudi. Ajue kutumia Excel vizuri, si kuandika orodha tu, bali kuchuja, kupanga na kujumlisha kwa vigezo. Makampuni makubwa hutaka pia lugha ya SQL na programu kama Power BI za kutengeneza picha. Kwa biashara ya dagaa na mawese, Excel inakutosha kwa miaka mingi. Asikununulishe vitu.

La maana zaidi ni kama ana tabia ya kukagua kazi yake mwenyewe. Mwaka 2020, wakati wa korona, idara ya afya ya Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 waliopimwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu zilizokuwa zikitangazwa. Sababu ilikuwa ndogo tu: majina yalikuwa yakipakiwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mistari yake haivuki 65,536. Faili lilipojaa, yaliyobaki yaliachwa nje kimya kimya. Ni kama daftari lililoisha kurasa huku mwandishi akiendelea kuandika hewani. Waliopimwa wenyewe walipata majibu yao, lakini watu waliokaa nao karibu walichelewa kutafutwa.

Basi muulize: "Umejuaje kwamba jumla hii ni sahihi?" Atakayekujibu kwamba kompyuta haikosei, mshukuru kwa kuja. Atakayekujibu kwamba alihesabu kurasa za daftari, akajumlisha ukurasa mmoja kwa mkono akalinganisha, huyo utalala usingizi.

Aseme nawe kwa Kiswahili chako

Kuna vijana wanaojua kazi lakini hawawezi kuieleza. Watakuonyesha michoro ya rangi saba, wakataja asilimia za asilimia, na wewe kwa heshima ukaitikia, "Sawa, sawa." Mtu akikueleza jambo la biashara yako mwenyewe ukashindwa kuelewa, usijilaumu wewe. Kumweleza mwenye mali mpaka aelewe ndiyo nusu ya kazi anayolipwa. Katika usaili mkaribishe mwenzenu mmoja ambaye hakusoma sana lakini anaijua biashara, kisha mtahini kijana mbele yake. Huyo mama akielewa na kuanza kubisha, mmepata mtu.

Awe pia na ujasiri wa kukwambia usichopenda kusikia. Mara nyingi daftari likisomwa sawasawa, hasara kubwa haiko sokoni. Iko kwenye kilo mbili za kila juma zinazopelekwa nyumbani, kwenye debe la mawese la msiba wa mjomba, kwenye mkopo wa wifi usiotajwa. Si vibaya kuwasaidia watu wetu. Lakini ni vizuri kujua tunawasaidia kwa kiasi gani, na kutoka mfuko upi. Jambo kama hilo linahitaji mtu mwenye ulimi wa upole, asiyelitaja mbele ya wauzaji wako, na ambaye hatalibeba mpaka kisimani.

Usiri huo sasa una sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina ya wateja, namba zao za simu na madeni yao si vitu vya kuonyeshana, wala vya kumpa mfanyabiashara mwingine. Mwambie kijana wazi tangu siku ya kwanza. Ukimsikia katika usaili anakusimulia madeni ya mwajiri wake wa zamani ili kukufurahisha, jua kwamba kesho atasimulia ya kwako.

Na kijana wa shemeji je?

Hili tuliseme, maana ndivyo ilivyo katika nyumba zetu. Ukishatamka kwamba unatafuta mtu wa kompyuta, kabla ya jua kuzama baba watoto atakuwa amepata mtoto wa ndugu yake. Huenda kijana ni mzuri kabisa. Huenda hata ni bora kuliko mgeni, kwa vile anaijua familia na ziwa. Mpe daftari lilelile, kwa siku ileile moja, na maswali yaleyale uliyowapa wengine, na mume wako awepo wakati wa majibu kama ana nafasi. Mara nyingi baba mwenyewe akisikia kijana akisema Julai 2024 wateja walikimbia, atakohoa na kutazama kando, na ugomvi utakuwa umekwisha bila wewe kusema neno. Shida ya kumwajiri ndugu bila kumpima ni kwamba siku ya kumwachisha huwezi kumwachisha.

Usisahau pia binti yako au mke mwenza wa biashara katika kikundi. Mwanamke aliyeuza dagaa miaka kumi akafundishwa Excel kwa miezi miwili huweza kumshinda mhitimu wa miaka mitatu ambaye hajawahi kusimama Kibirizi. Kama mtampeleka mtu wenu kusoma, hapa hapa Kigoma kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na kwa takwimu hasa kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam. Kumbuka tu kwamba mhasibu ana bodi yake, NBAA, inayomsajili na inayoweza kuulizwa habari zake, wakati jina la mchambuzi mtu anaweza kujipachika asubuhi akalitumia jioni. Kwa hiyo kipimo ni chenu.

Kabla ya kumkabidhi

Andikianeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Alipwe kiasi gani kwa siku, aje lini, alete nini. Faili ni mali ya kikundi, na nakala yake ikae kwa mweka hazina kila mwisho wa mwezi. Viko vikundi vilivyobaki mikono mitupu kwa sababu aliyehama mji alihama na kompyuta. Neno la siri walijue watu wawili. Na jambo hili lisiwe na mjadala: anayesoma hesabu asishike fedha. Asikusanye madeni, asitumwe benki, asipokee malipo kwenye simu yake hata kwa siku moja ya dharura. Si kwamba tunamshuku. Anayeshika fedha na kuandika habari za fedha hiyo ana jaribu ambalo hatuna haja ya kumwekea mbele.

Mpe kwanza kipindi cha majaribio cha giza mbili. Mkataba mrefu usubiri.

Kikundi kinachofikiria mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ambayo 4 ni za wanawake na ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024, kitaona faida nyingine. Ukiwa na kumbukumbu za miaka miwili zilizopangwa, unajua kabla ya kuomba kama marejesho ya kila mwezi yatawezekana hata katika miezi ambayo ziwa limefungwa. Ukiona hayawezekani, ni heri kujua kabla fomu haijajazwa.

Kazi ya kwanza ya kumpa iwe ndogo. Ngojeni mbalamwezi inayokuja, wakati mitumbwi imepumzika na ninyi pia mna nafasi. Kaeni naye kivulini, madaftari yote yakiwa juu ya mkeka, mumpe maswali matatu tu: kilo moja ya dagaa wakavu hutugharimu kiasi gani kweli, nani kati ya wateja wetu hulipa kwa wakati, na ziwa likifungwa miezi mitatu tena, akiba yetu itatufikisha tarehe ngapi? Mwambieni arudi na majibu giza likiingia, kabla wavuvi hawajawasha taa.